Sahani ya Askari: Nyama Ina Nafasi Yake, na Mboga Zina Nafasi Yake

Mwezi wa Oktoba 2025 jopo la wataalamu wa lishe, afya na mazingira, lijulikanalo kwa jina la EAT-Lancet, lilitoa taarifa yake ya pili juu ya namna walimwengu wapasavyo kula. Taarifa ya kwanza ilitolewa Januari 2019, nayo iliandikwa na wataalamu 37 kutoka nchi 16. Taarifa zote mbili zinafundisha jambo moja: sehemu kubwa ya sahani ya mwanadamu iwe nafaka zisizokobolewa, maharagwe na jamii yake, karanga, mboga na matunda, nayo nyama nyekundu iwe kidogo, wastani wa gramu 14 hivi kwa siku kwa mtu mzima. Kwa hesabu ya juma zima, hicho ni kipande kimoja cha gramu mia hivi.

Habari hizi zilipofika katika kambi zetu kwa njia ya redio na simu za mkononi, zilipokewa kwa kicheko. Koplo mmoja aliniambia, "Afande, hao wataalamu waje kwanza wapande mlima na mzigo wa kilo thelathini mgongoni, ndipo watuhubirie habari za gramu kumi na nne." Nilicheka pamoja naye, kwa maana mimi pia ni mpenda nyama. Katika shule ya makadeti, siku ya nyama tuliitambua tangu asubuhi kwa harufu ya jikoni, wala siku hiyo hapakuwa na kadeti aliyechelewa katika foleni. Walakini kicheko si jibu. Mtu aliyefunzwa kupima umbali wa shabaha kabla ya kufyatua risasi anapaswa pia kulipima neno kabla ya kulikubali au kulikataa. Basi na tulipime.

Shauri hili linamhusu nani?

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba walimwengu hawali sawa. Huko Marekani kiasi cha nyama kinachopatikana kwa kila mtu hupita kilo 100 kwa mwaka. Wataalamu hao wenyewe walieleza mwaka 2019 kwamba wakazi wa Amerika ya Kaskazini hula nyama nyekundu zaidi ya mara sita ya kiasi kinachoshauriwa. Katika Uganda yetu kiasi cha nyama kwa kila mtu hakifiki hata robo ya kile cha Marekani, na ziko nyumba nyingi vijijini ambamo nyama huonekana siku ya Krismasi, siku ya Idi, au siku ya harusi tu.

Uchunguzi wa afya ya wananchi uliofanywa nchini mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 29 ya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na kwamba asilimia 53 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa mtoto wa namna hii, kipande cha nyama, yai, kikombe cha maziwa au kijiko cha dagaa si anasa hata kidogo. Ni chakula cha kumjenga mwili na akili. Wala jopo lile halikulikana jambo hilo, bali lilikiri kwamba mahali penye utapiamlo vyakula vitokanavyo na wanyama vinahitajika.

Kwa hiyo dunia ina matatizo mawili yanayopingana: walaji waliopitisha kiasi, na walaji waliopungukiwa. Ajabu ni kwamba matatizo hayo mawili yaweza kukaa chini ya bati moja, katika nyumba moja ya askari. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha makala hii.

Fundisho la Mogadishu

Majeshi ya Uganda yaliingia Mogadishu mwezi wa Machi 2007, nayo ya Burundi yakafuata, chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Mnamo Aprili 2009 askari walianza kushikwa na ugonjwa usiojulikana. Miguu ilivimba, pumzi ilikatika, moyo ulienda mbio. Hadi kufikia Mei 2010 wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 241. Wanne kati yao walifariki dunia, na wasiopungua 52 walisafirishwa kwa ndege kwenda hospitali za Kenya na Uganda.

Madaktari walitafuta vijidudu, hawakuviona. Walitafuta sumu, nayo hawakuiona. Hatimaye uchunguzi ulionyesha kwamba ugonjwa uliwashika zaidi wale waliokula chakula cha akiba cha kikosi peke yake, pasipo kuongeza chochote kinachopatikana sokoni mahali pale, na wale waliokuwa katika maeneo yenye mapigano ya kila siku, ambako hakuna awezaye kutoka kwenda kununua hata kitunguu. Ugonjwa ulikuwa beriberi, nao huletwa na upungufu wa thiamini, yaani vitamini B1. Wagonjwa walipopewa thiamini walipata nafuu kwa haraka ya kustaajabisha. Na askari wazima walipopewa pia, idadi ya wagonjwa ilishuka na vifo vikakoma.

Ndugu msomaji, wale walikuwa vijana hodari, waliofuzu mafunzo na kukaguliwa afya zao kabla ya safari. Adui hakuwapata kwa bunduki, bali upungufu wa kitu kidogo kisichoonekana kwa macho ndio uliowalaza kitandani. Thiamini hupatikana katika nafaka zisizokobolewa, katika maharagwe na karanga, na vilevile katika nyama, hususa ya nguruwe. Huondoka nafaka inapokobolewa mpaka ikawa nyeupe. Tumbo laweza kujaa wali mweupe kila siku, na mwili ukabaki na njaa.

Liko tukio jingine la zamani linaloonyesha pande zote mbili za shauri letu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Waingereza na Wahindi lilizingirwa na Waturuki katika mji wa Kut-al-Amara, nchini Iraki, tangu Desemba 1915 hadi liliposalimu amri tarehe 29 Aprili 1916. Askari wa Kiingereza walikula mkate wa unga mweupe na nyama ya farasi. Wakapatwa na beriberi. Askari wa Kihindi walikula unga usiokobolewa, lakini wengi wao, kwa sababu ya dini na desturi, walikataa nyama ya farasi kwa muda mrefu, na mboga za majani zilikuwa adimu. Wakapatwa na kiseyeye, kwa kuwa nyama mbichi iliyochinjwa karibuni ina kiasi kidogo cha vitamini C ambacho kiliwakinga wenzao. Handaki moja na adui mmoja, lakini magonjwa mawili, kila kundi likiugua kwa kukosa kile walichokula wenzao.

Hapo ndipo ulipo ukweli wa jambo hili. Mwenye kusema "nyama peke yake ndiyo nguvu" amekosea, na mwenye kusema "majani peke yake yatosha" amekosea pia.

Nguvu ya maharagwe

Katika kambi zetu sahani ya kila siku ni posho na maharagwe. Neno posho lenyewe ni neno la kiaskari: maana yake ya asili ni fungu la chakula apewalo mtu kwa kazi au kwa safari. Kwa kuwa fungu hilo lilikuwa unga wa mahindi mara kwa mara, sisi wa Uganda tumeliita ugali wenyewe kwa jina hilo. Wako wanaoidharau sahani hii wakidhani ni chakula cha kujazia tumbo tu hadi siku ya nyama ifike. Dharau hiyo haina msingi.

Protini ya mahindi ina upungufu wa kitu kiitwacho lisini. Maharagwe yana lisini kwa wingi, lakini yamepungukiwa na kitu kingine, methionini, ambacho mahindi yanacho. Viwili hivi vikikutana katika sahani moja, kimoja huziba pengo la mwenzake, kama askari wawili walindao migongo yao. Gramu 100 za maharagwe yaliyopikwa zina protini ya gramu 9 hivi. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa, kwa uzito uo huo, ina gramu 26 hivi. Hakuna abishaye kwamba nyama imetangulia. Lakini bakuli la maharagwe lenye gramu 250 huikaribia, tena lina nyuzinyuzi za kusafisha matumbo ambazo nyama haina kabisa, na bei ya kilo moja ya nyama hununua zaidi ya kilo mbili za maharagwe.

Mboga za majani nazo zina kazi yake. Kuna sajenti mmoja mpishi aliyewahi kuniambia, "Afande, vijana hawataki majani, wanasema majani ni ya mbuzi." Nilimjibu kwamba mbuzi huyo wampendaye alipopaa juu ya makaa, nyama yake yote imejengwa kwa majani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Nchi hii haina udhuru: tuna dodo na nakati, sukuma wiki na kunde, majani ya maboga, mapera, mapapai, maembe na machungwa. Viazi vitamu vya rangi ya manjano, vyenye vitamini A, vimemletea hata mtaalamu wetu Robert Mwanga sehemu ya Tuzo ya Chakula ya Dunia ya mwaka 2016.

Hata hivyo lazima tuseme kweli juu ya mipaka ya mimea. Madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga huingia mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama. Matunda yenye vitamini C yakiliwa pamoja na chakula husaidia yaingie. Chai ikinywewa pamoja na chakula huyazuia. Askari wetu wengi hushushia maharagwe kwa kikombe cha chai, na hivyo huyatupa kwa mkono wa kushoto yale waliyoyapokea kwa mkono wa kulia. Chai na ingoje saa moja. Aidha, vitamini B12 haipatikani katika mimea. Hutoka katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Asiyegusa kabisa vyakula hivyo ataishi kwa akiba ya mwili wake kwa muda, kisha akiba itakwisha.

Na hapa pana habari njema kwa wapenda nyama. Nyama kidogo ikipikwa katika chungu cha maharagwe husaidia hata chuma cha maharagwe kuingia mwilini. Bibi zetu hawakusoma elimu hiyo, lakini waliitenda. Huko Kaskazini walitia nyama iliyokaushwa kwa moshi katika mchuzi wa karanga au ufuta, vipande vichache, na chungu kizima kikapata ladha. Nyama ilikuwa kiungo cha heshima, nao mchuzi ukaitosheleza jamaa nzima.

Mpaka wa nyama

Mwezi wa Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba nyama zilizosindikwa, kama soseji na nyama za makopo zilizotiwa chumvi na dawa za kuhifadhi, huleta saratani ya utumbo mpana, na kwamba nyama nyekundu kwa jumla yaelekea kuileta. Wengine walikurupuka wakasema kwamba soseji ni sawa na sigara. Sivyo. Tangazo lile lilieleza uthabiti wa ushahidi, wala halikusema kwamba hatari yake ni sawa. Gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani hiyo kwa asilimia 18 hivi. Ni ongezeko la kuzingatiwa, si la kumtia mtu hofu kwa kipande alichokula sikukuu.

Kwa nyama nyekundu ya kawaida, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, World Cancer Research Fund, lilishauri mwaka 2018 kwamba mtu asizidishe gramu 350 hadi 500 kwa juma, zikiwa zimekwisha kupikwa. Gramu 500 zilizopikwa ni kama gramu 700 hadi 750 za nyama mbichi buchani. Sasa na tufanye hesabu ya kiaskari. Afande aliyeketi jioni moja mbele ya kilo nzima ya nyama choma, akaimaliza peke yake, amekwisha kula fungu lake la juma na kulipita. Akirudia siku ya tatu, anakula deni. Pombe ikiandamana nayo na chumvi ikimwagwa juu yake, deni hilo hukusanywa na shinikizo la damu na ugonjwa wa jongo. Chumvi inayoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai.

Ipo pia hatari ya cheo. Kuruta akimbiaye na mzigo toka alfajiri huweza kutumia nguvu maradufu ya mtu akaaye ofisini. Miaka ikipita hupanda cheo, hupewa meza na kiti, lakini sahani yake hubaki ile ile ya ukuruta. Vivyo hivyo polisi wa barabarani, asimamaye saa nyingi pasipo nafasi ya kupika, hula chapati za mayai na viazi vya kukaanga asubuhi na jioni. Kitambi hakina adabu. Hakipigi saluti kwa cheo chochote.

Tena kuna usalama wa chakula chenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2023, katika wilaya ya Kyotera, watu walipatwa na kimeta kutokana na ng'ombe waliougua, na baadhi yao wakafariki. Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe haifai kuliwa, hata ikiwa ya bure, hata ikichemshwa. Askari aliye porini na aishike amri hii kama ashikavyo amri ya lindo. Wala nafaka haziko salama kwa sababu tu ni mimea. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Mahindi yaliyoota ukungu yasisagwe, na ghala la kikosi likaguliwe kama ghala la silaha.

Mwisho wa mwezi

Sasa narudi kwenye ile nyumba moja yenye matatizo mawili. Mshahara ukiingia, baba hukutana na wenzake penye makaa. Hilo si kosa. Urafiki wa askari ni sehemu ya nguvu ya jeshi, na maisha ya kazi hii ni mafupi na mazito. Lakini baba akimaliza kilo ile, huku mkewe mjamzito na mtoto wa miaka miwili wamekula posho kavu na mchuzi wa chumvi, basi nyama imekwenda mahali isipohitajika na kupakosa mahali inapohitajika. Yule aliyekwisha kukua ameongezewa, na yule anayekua amenyimwa. Baba atapimwa zahanati na kuambiwa ana shinikizo la damu. Mtoto atapimwa siku hiyo hiyo na kuambiwa hana damu ya kutosha.

Kilo ile ile ingeweza kugawanywa mafungu manne ya robo kilo. Robo moja katika chungu cha maharagwe Jumatatu, robo katika mchuzi wa karanga Jumatano, robo pamoja na mboga za majani Ijumaa, na robo ya nne baba aichome Jumapili mbele ya watoto wake. Siku za katikati zijazwe na dagaa na mayai. Gharama ni ile ile, na mlaji ameongezeka toka mmoja hadi sita.

Lifanywe nini?

Makamanda wa vikosi wanaweza kuhimiza bustani za mboga katika kila kambi. Ardhi ipo na mikono ipo. Wapishi na waloweke maharagwe usiku kucha, wamwage maji yale na kuyachemsha mpaka yaive kabisa, kwa maana maharagwe mekundu yasiyoiva huumiza tumbo. Na mboga za majani zipikwe kwa muda mfupi, zisije zikapoteza vitamini zake. Wapangao chakula cha safari ndefu wakumbuke Mogadishu, na wasitegemee wali mweupe peke yake. Askari mmoja mmoja na apime shinikizo la damu kila apatapo nafasi, tena ale tunda kabla ya kuwasha simu ya kuagiza nyama.

Koplo yule aliyecheka habari za gramu kumi na nne nilimwona tena juma lililopita. Nilimwuliza ana watoto wangapi. Akajibu, "Wanne, afande." Nikamwuliza wao hula nyama lini. Hakucheka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nitaichukua nyumbani, afande." Sikuwa nimempa amri yoyote.